Rasiberi za Namba ya Pili

Tulimzika Mama Njoki Jumamosi iliyopita kule Yamumbi, nje ya Eldoret, na watu waliojaa pale walikuwa kama elfu tano. Mume wangu, mtu asiyejua raha ya kuongeza hesabu, anasema hawakufika mia tatu. Basi tuseme walikuwa wengi, hata ng'ombe wa jirani wakaja kusimama uani wakidhani kuna mwanasiasa. Mimi ndiye niliyepewa kusoma wasifu wa marehemu. Kila mahali nikienda napewa kusoma: harusini, matangani, kwenye mkutano wa kina mama, hata maagizo kwenye chupa ya dawa ya mbuzi wa jirani. Watu wanasema, "Mpeeni Nekesa, huyo alisoma usiku, haogopi giza." Nikavaa miwani, nikatoa ile sauti ya kutoka tumboni, na nilipofika pale palipoandikwa kwamba Mama Njoki alisomesha hata watoto wasio wake, binti yake mkubwa akanionyesha kwa kidole mbele ya wote, na watu wakapiga makofi. Makofi matangani! Nikainua macho nitabasamu. Nyuma ya hema, karibu na sufuria kubwa za wali, kulikuwa na mwanamke akigeuza mchele kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Hakupiga makofi, mikono yake ilikuwa na kazi. Hakunitazama pia. Lakini mgongo ule nililala nao kitanda kimoja karibu miaka miwili, ningeusahauje? Alikuwa Truphosa. Tabasamu langu likakosa pa kukaa.

Wakati ninaousema, mimi na Truphosa tulikuwa wasichana wa miaka ishirini na kitu, tumetoka magharibi kutafuta kazi, na Mama Njoki akatupa kazi na mahali pa kulala. Yeye alikuwa mjane, mtu wa Central, kule kwa Wakikuyu, aliyehamia Yamumbi zamani, mwenye duka mbele ya nyumba na bustani nyuma. Chumba chetu kilikuwa cha mabati, kimebanwa kati ya duka na jikoni, na kuta tulizibandika magazeti kuzuia baridi. Baridi ya Eldoret mwezi wa saba haina adabu. Maji ya ndoo yaliganda mpaka tukawa tunaoga kwa nyundo. Truphosa aliusoma ukuta ule wote, pamoja na matangazo ya vifo ya watu tusiowajua, na alipoumaliza akahamia magazeti ya kufungia sukari dukani. Wateja walikuwa wakingoja amalize habari ndipo awafungie. "Wewe msichana," Mama Njoki angeita kutoka ndani, "unauza sukari ama unauza redio?" Mimi ukuta ule nilitazama picha tu. Sote wawili tuliachia shule kidato cha pili, lakini ukituweka pamoja ungejua mara moja ni nani aliyeachishwa akiwa bado na njaa.

Jikoni ndiko tulikoishi hasa. Kulikuwa na vita vya mataifa mle ndani. Mama Njoki alipika githeri, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria ambayo nadhani haikuwahi kuoshwa hadi chini tangu uhuru, maana githeri yake haikuisha, iliongezewa tu. Sisi tulitaka ugali na mrenda, mboga yetu ya kuteleza. Alikuwa akitutazama tukivuta ule mrenda na kusema, "Ngai, hiki ni chakula ama ni gundi?" Na Truphosa angejibu bila kuinua kichwa, "Ni gundi, Mama. Ndiyo maana sisi hatuachani." Nikikumbuka jibu hilo siku hizi nainuka naenda kutafuta kazi nyingine ya kufanya.

Sasa bustani. Mama Njoki alikuwa na kitu ambacho hakuna mtu mwingine Yamumbi alikuwa nacho: rasiberi. Alipokuwa msichana alifanya kazi kwenye bustani ya watu fulani huko Limuru, na alipohamia huku alibeba miche kwenye gunia bichi, akaipakata njiani kama mtoto mgonjwa. Aliziita ndare za wazungu, kwa sababu ndare za porini alizijua tangu utoto wake, zile za miiba zinazoota kando ya vijito. Zake zilikuwa kwenye mistari mitatu nyuma ya nyumba. Kila mstari ulikuwa na posti za mti mgumu huku na huku, na waya mbili zimevutwa katikati, moja kiunoni, nyingine kifuani. Mashina ya rasiberi ni marefu na membamba, sisi tuliyaita fimbo, na fimbo hizo hazina uti wa mgongo. Ukiziacha zinalala chini kama walevi, matunda yanaoza kwenye tope. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kufunga. Nilikata blada, ile mipira ya tyubu za baiskeli, nikafunga kila fimbo kwenye waya, si kwa kuikaba, bali kwa kuilegezea kidogo ili upepo ukija icheze bila kuvunjika. Nilifunga vizuri, hilo sitajinyima. Upepo wa huku uling'oa paa la kanisa, lakini fimbo zangu zilibaki zimesimama zikitazama.

Truphosa alichuma. Kuchuma rasiberi kunataka mkono wa mtu asiye na haraka. Ikiiva inaachia yenyewe, unaivua tu kama kofia, na kichwa chake cheupe kinabaki kwenye tawi. Ikikataa kutoka, bado, iache. Mimi nilizivuta kwa nguvu, nilizila, nilirudi na kiondo chenye matunda mawili na mdomo mwekundu. Yeye alirudi na kiondo kimejaa, hakuna hata moja iliyopondeka. Tulimuuzia mpishi wa hoteli moja mjini aliyezitaka kwa keki na jemu, naye alizipenda kiasi kwamba aliongea nazo. Pesa yake ilikuwa nzuri. Haikuwa nzuri kama ninavyowaambia wajukuu, lakini ilitosha Mama Njoki kutuita jikoni jioni moja na kutangaza jambo.

"Nimesikia huko mjini kuna shule ya jioni," akasema. "Si ile ngumbaru ya wazee kujifunza a, e, i. Hii mtu anakimbizwa mwaka mmoja, halafu anafanya mtihani wa kidato cha nne. Rasiberi za mwaka huu zitapeleka mmoja wenu. Za mwaka ujao zitapeleka mwingine. Anayebaki atafunga duka jioni na kuchuma. Mnasikia?"

Tulisikia. Nadhani hata Kapsoya, upande wa pili wa mji, walisikia tulivyopiga kelele. Basi, ni nani aende kwanza? Mama Njoki alikuwa mtu wa chama, kile cha kuchangiana pesa kwa zamu. Kila Jumapili baada ya kanisa wanawake wenzake walijaa sebuleni, na sisi tuliwasikia kupitia ukutani wakichanga, wakicheka, wakiteta juu ya nani amechelewesha. Kwa chama hakuna ubishi wa zamu: namba zinaandikwa kwenye karatasi, zinakunjwa, zinatupwa ndani ya sufuria, kila mtu anachukua yake. Naye akafanya vivyo hivyo kwetu. Karatasi mbili ndani ya sufuria ya chai. Mimi nilichukua kwanza, kwa sababu sijawahi kungoja kitu maishani. Nikakunjua: mbili. Truphosa akakunjua yake polepole, akaitazama, akaikunja tena, akaiingiza kwenye sidiria. Uso wake ulikuwa na mwanga ambao sijauona kwa mtu mwingine tena, na nimehudhuria harusi nyingi.

Sasa, chama kina desturi nyingine, na hii ndiyo iliyonimaliza. Namba inaweza kubadilishwa. Mtu akiwa na shida, mgonjwa hospitalini, mtoto amefukuzwa shule, anamwomba mwenye namba ya mbele wabadilishane, na wanawake wanakubali, maana kesho shida ni yako. Mimi sikuwa na shida yoyote. Nilikuwa na mdomo. Kwa siku kadhaa nikafanya maigizo chumbani mle. Nilimwambia Truphosa akili yangu ni kama maziwa, ikilala mwaka mmoja zaidi itaganda iwe mursik. Nilimwambia mvi ya kwanza imeshaota, nikamwinamia aitafute. Nikalala kitandani mikono kifuani, nikafanya matanga ya ubongo wangu, na mchungaji nikawa mimi mwenyewe: "Ndugu zangu, marehemu alikuwa ubongo mzuri, tatizo alipewa namba ya pili." Truphosa alicheka mpaka akashika mbavu. Mama Njoki alicheka kule jikoni. Kila mtu alijua natania, hata mimi nilijua. Lakini jioni nikirudia utani uleule nilikuwa natazama kama umeingia.

Uliingia. Siku moja tukiosha vyombo aliingiza mkono wenye povu kifuani, akatoa ile karatasi.

"Shika," akasema. "Hii namba inanipigia kelele."

"Aki Truphosa, nilikuwa nacheza tu."

"Najua. Shika."

Mama Njoki alikuwa anachambua maharagwe pale karibu. Akaacha. "Truphosa, fikiria vizuri. Kwa chama ukishabadilisha hakuna kulia."

"Sitalia, Mama. Mwaka ni kitu gani? Nitaenda fimbo zikiwa nyingi zaidi."

Nikaishika. Ningeweza kuikataa, hilo nimelizungusha kichwani miaka mingi kwa kila namna. Ningeweza kusema hapana mara moja tu, hata kwa mzaha. Nilichofanya ni kumkumbatia, nikamlowesha na povu, nikaimba.

Basi nikasoma. Kila jioni nikishuka mjini na daftari, yeye akifunga duka na kumaliza kuchuma. Nikirudi chakula changu kilikuwa kimefunikwa kwa sahani, na juu ya sahani kulikuwa na sahani nyingine kuzuia mvuke usitoke, kwa sababu alijua nachukia ugali uliopoa. Nilikuwa mwanafunzi wa kelele lakini masomo niliyashika. Mwisho wa mwaka nikafanya mtihani, na nilipotoka kwenye karatasi ya mwisho nilihisi kwamba kichwa changu kimekuwa kizito hadi natembea nikiinama.

Wiki hiyohiyo ndipo tulipokata. Mavuno yalikuwa yameisha, bustani imechoka. Mashina yaliyozaa yalikuwa yamekauka, rangi ya chai, na katikati yake mashina mapya ya kijani yalikuwa yameota na kufika kwenye waya ya juu. Mama Njoki akaja na mapanga matatu. Huko kwao mti wa kahawa ukizeeka wanaukata shina lote chini, halafu unachipuka upya kwa nguvu. Huo ulikuwa ujuzi wake wa maisha yote, na haukuwahi kumwangusha. Kule Limuru rasiberi alizichuma na kuzifunga tu, kukata walikata wengine, na huku Yamumbi hadi mwaka huo alikuwa aking'oa tu zilizokauka.

"Zote chini," akasema. "Tuzipe pumzi."

Truphosa alisimama kwenye mstari wake, ameshika fimbo moja ya kijani kama mtu aliyemshika mtoto mkono. "Mama, hata hizi mbichi?"

"Hata hizo. Kahawa ukiionea huruma inakulaza njaa. Kata, msichana."

Tukakata. Mimi ndiye niliyemaliza mstari wangu kwanza. Nilikuwa mtu aliyemaliza mtihani, nilikuwa na furaha mkononi, panga liliruka lenyewe. Nikamsaidia Truphosa kumaliza wake. Tukamwaga mbolea ya ng'ombe, tukatandaza maranda ya mbao juu yake, na bustani ikabaki posti na waya tupu, safi kama uwanja wa shule siku ya kufungua.

Mvua iliponyesha mwaka uliofuata, fimbo zilitoka kwa fujo. Zilikuwa nene, ndefu, zilimpita Mama Njoki kimo na kilemba chake. Majirani walikuja kutazama. Nilifunga mpaka blada zikaisha nikafunga na vipande vya soksi. Truphosa alishona mkoba wa daftari kwa kitambaa cha pazia kuukuu. Tukangoja maua. Mwezi wa maua ukaja ukapita. Majani yalikuwa mengi, ya kijani kibichi, na hakuna ua hata moja. Mama Njoki akasema labda ni mbolea. Akasema labda ni baridi. Jirani mmoja akasema kuna mtu ana kijicho, na Mama Njoki akamfukuza akamwambia arudi kwake akaombe.

Nyuma ya bafu kulikuwa na kichaka kidogo cha rasiberi kilichojipenyeza kati ya mabati na ua, mahali ambapo panga halikufika. Asubuhi moja Truphosa alikuwa anatoka kuoga, ndoo mkononi. Akasimama. Nilimwona kutoka mlangoni mwa jikoni amesimama tu, taulo shingoni, katika baridi ile. Nikamwendea. Kwenye kile kichaka, fimbo ya mwaka uliopita, ile tuliyoshindwa kuikata, ilikuwa imeinama kwa matunda. Na pembeni yake fimbo mpya za mwaka huu, ndefu na nzuri kama za bustanini, hazikuwa na kitu.

Alielewa kabla yangu, mimi mwenye cheti njiani. Fimbo inaota mwaka mmoja, inazaa wa pili, halafu inakufa. Zile za kijani tulizozikata ndizo zilizokuwa zimebeba mavuno.

"Nekesa," akasema, bila hasira, kama mtu anayesoma tangazo ukutani. "Tulikata mwaka wangu."

Mama Njoki alipoambiwa aliketi juu ya kreti ya soda, akashika kichwa. "Ngai wangu. Mimi nilifikiri ni kahawa." Akamwomba msamaha Truphosa, mtu mzima kumwomba msamaha msichana, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akasema fimbo zilizopo hazitaguswa, mwaka ujao zitazaa, zamu yake iko palepale. Truphosa akasema ni sawa, atangoja. Na angengoja, lakini duka nalo lilikuwa limelegea bila pesa ya rasiberi, na shangazi yake aliyekuwa na kibanda cha chakula Kesses, cha kuuzia wanafunzi wa chuo kikuu, akaugua. Truphosa akaenda kumsaidia kwa mwezi mmoja. Mwezi huo haukuisha. Fikiria: alienda kuwapakulia watu chapati wakiwa na vitabu mezani.

Mimi nilikuwa nimepata kazi ya ukarani kwenye ghala la mahindi, nimehamia Kapsoya, nina mshahara. Sitasema uongo kwamba ulikuwa mdogo sana. Nilinunua viatu. Nilinunua redio yenye mlingoti mrefu wa kufikia mbinguni. Nilisema mwezi ujao nitamtafuta Truphosa, na mwezi ujao ulikuwa na mambo yake. Mavuno yaliporudi, Mama Njoki alikuja hadi Kapsoya na kiondo, jasho usoni. "Hizi ni za Truphosa," akasema, "lakini nimemtumia ujumbe, amesema hawezi kuacha kibanda. Kula wewe, zisiharibike." Nikala. Zilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kula, na hilo ndilo baya.

Basi Jumamosi, watu walipoanza kutawanyika kutoka kaburini, nilizunguka nyuma ya hema. Truphosa alikuwa ameinama kwenye sufuria tupu, anakwangua ukoko. Amenenepa kidogo, na mvi zake ni za kweli, si za maigizo. Nikafungua mikono. Nikaanza kwa mtindo wangu: kwamba nimemtafuta Kenya nzima, kwamba nimelia mito mitatu, kwamba Kesses imehamishwa kwenye ramani ili nisiione.

"Nekesa," akasema. "Kesses iko palepale. Chukua steelwool hiyo, tuoshe."

Nikavua saa, nikakunja mikono ya gauni langu la kusomea wasifu, nikachuchumaa. Tulisugua mpaka ukoko ukaachia. Mwishowe nikasema ile namba haikuwa yangu. Nikasema ningeweza kumpeleka shule mwenyewe nilipoanza kazi, na sikumpeleka, na sina sababu. Nilitaka aseme yameisha, ni ya Mungu, wasichana ni wasichana. Watu wa umri wetu husema hivyo kwa urahisi.

"Iliniuma," akasema. "Nikiwapakulia wale watoto wa chuo iliniuma. Hata leo ulipoanza kusoma pale mbele iliniuma. Ulitaka nikwambie haikuniuma?"

"Hapana."

"Ulitaka."

"Ndiyo. Nilitaka."

Akageuza sufuria, akamwaga maji machafu kwenye nyasi. Akaketi juu yake, akajifuta mikono kwa leso. "Basi niambie," akasema. "Kulikuwaje? Huko shuleni. Anza siku ya kwanza. Na usitie chumvi."

Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani sikupata neno la kuongezea. Nikamwambia darasa lilikuwa la watoto wa msingi, madawati mafupi, magoti yetu yalikuwa yakigonga mbao. Nikamwambia mwalimu alikuwa mwembamba, ana kikohozi, na kitu cha kwanza alichoandika ubaoni kilikuwa hesabu ya sehemu. Nikamwambia sikuielewa, na niliketi nyuma kabisa karibu na mlango, ili nikichoka nitoke.

"Nyuma?" Truphosa akasema. Alikuwa anatazama mbali, kule kwenye waya za zamani za rasiberi ambazo watoto wa marehemu walikuwa wameanikia mashuka. "Mimi ningeketi mbele."